Koti la Kazi Moja

Kwa miaka mingi nimekana kwamba wazo la koti lilikuwa langu. Nimewaambia watu lilitoka kanisani. Nimewaambia lilitoka kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa hai na angeweza kunikanusha, ila hakufanya hivyo kwa sababu alipenda kusifiwa kwa mambo asiyoyatenda. Siku moja, kwenye mkutano wa wasomi, nilidai nililisikia kwa wazee wa Nyatike, na bwana mmoja mwenye miwani akaninukuu neno kwa neno. Ukweli ni kwamba nililitoa kwenye kompyuta.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba kuna nyumba nyingine ambamo koti lilikuwa limetumika kabla yangu, na kwa nia njema kuliko yangu. Wakati ule sikujua. Nilidhani nimevumbua. Na ni vigumu kumwambia mtu kwamba dada yako alipokuwa akiletewa mwanamume asiyemtaka, wewe mwenye shahada ulijaribu kumwokoa kwa kanuni ya programu.

Dada yangu alikuwa ameolewa karibu na Macalder, kule ambako watu huchimba dhahabu kwenye mashimo waliyoachiwa na Wazungu na kurudi jioni na udongo masikioni. Sisi ni watu wa Rongo, na kule kwao mke huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo mama mkwe wake hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita Nyar Rongo, binti wa Rongo. Mume wake, mtoto wa kwanza wa boma lile, alikufa mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikonda, akakohoa, akafa. Kwa mamake ilikuwa chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja mwiko. Kwa kanisa ilikuwa kifua. Daktari alipoulizwa alitazama dirishani. Sisi wengine tulikuwa na jina la ugonjwa huo, lakini tulilitumia tu kwa wagonjwa wa vijiji vya watu wengine.

Baada ya mazishi alihitajika jater, mwanamume wa kumrithi mjane. Zamani, kama nilivyosimuliwa na nyanya, jater alikuwa ndugu wa marehemu na majukumu yake yalikuwa mengi: kuezeka nyumba, kulima, kuwasimamia watoto, kugombana na walimu kwa niaba yao. Kufikia wakati wetu majukumu yale yalikuwa yamechujwa hadi likabaki moja tu. Aingie nyumbani mwa mjane, alale naye, atoke asubuhi. Bila hilo mjane hakuweza kukanyaga boma la mtu mwingine, hata la mamake mzazi. Hakuweza kupanda shamba. Na kwa kuwa mume wake alikuwa mkubwa, wadogo zake pia hawakuruhusiwa kutia mbegu ardhini kabla yake. Boma zima lilikuwa limesimama, majembe yameegemea ukuta, likimngoja mwanamke mmoja.

Mashemeji walikuwa watatu, na wote watatu waliokoka mwezi ule ule. Sijawahi kuona Roho Mtakatifu akifanya kazi kwa haraka namna ile. Walikuwa wamemwona kaka yao akifa, na jina la ugonjwa walilijua kama sisi. Basi akatafutwa mgeni, mtu wa ng'ambo ya mto Kuja aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa malipo, nyumba hadi nyumba. Jina lake hakuna aliyelijua. Aliitwa tu yule wa ng'ambo. Wajane aliowapitia walijulikana, na makaburi ya baadhi yao yalijulikana pia.

"Nyar Rongo," mama mkwe alimwambia dada yangu mbele yangu, siku niliyokwenda kuwaona, "mbegu zangu zinaliwa na panya nikikungoja wewe."

"Mama, niacheni kwanza nipone."

"Upone nini? Nani amesema unaumwa?"

Swali lile lilikuwa na jibu, na kila mtu pale alilijua.

Kumtoa pale kwa nguvu hakukuwezekana. Nilimwambia dada yangu afunge virago twende. Akanionyesha watoto wake wawili waliokuwa wakicheza uani. "Hao ni wa boma hili," alisema. "Nikitoka bila kutolewa na mila, natoka peke yangu." Nikarudi Homa Bay nikiwa nimebeba matunda aliyonipa, mimi niliyekwenda kumsaidia.

Homa Bay nilikuwa na kazi ambayo familia yetu haikuielewa, na kwa muda mrefu hata mimi sikuielewa. Ulikuwa mradi wa afya uliopanga chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Kulikuwa na kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cha kusukwa kama redio ya mkutano wa akina mama, na simu moja ya mezani. Ripoti za zahanati zilitufikia zikiwa zimevurugika, nami nilitakiwa kuzipanga kwa kuandika programu fupi fupi katika lugha ya skripti. Lugha ya namna hiyo haina makuu: unaandika mistari yako, kompyuta inaisoma toka juu hadi chini na kuitenda papo hapo. Nilikuwa nimesoma hesabu chuo kikuu, kwa hiyo kila mtu aliamini naweza, nami nikaona aibu kuwakatisha tamaa.

Mwalimu alitoka Kisumu, bwana mnene mwenye sauti ya mnadani. Alinifundisha peke yangu lakini kwa sauti ya kufundisha watu mia.

"Dada, sikiliza. Programu yako kubwa inasoma ripoti, mstari baada ya mstari. Kila ikifika kwenye mstari, inasimama na kuita kifanyakazi, yaani kijiprogramu kidogo cha kuushughulikia mstari huo. Hapo umeacha nafasi. Nani atakaa kwenye nafasi hiyo?"

"Yule niliyemwandika."

"Yeyote!" Alipiga meza. "Yeyote anayepokea mstari mmoja na kurudisha kitu kimoja. Programu haimuulizi jina. Haimuulizi baba yake nani. Haimuulizi amesoma Maseno au amesoma chini ya mti. Inauliza, kazi hii moja unaiweza? Unaiweza, ingia."

Siku hizi wataalamu wetu huiita nafasi kama hiyo kiolesura, na hiki chenye sharti moja huwa na jina lake refu. Sisi tulisema tu nafasi ya kazi moja. Akanionyesha kwamba unaweza hata kuandika kifanyakazi kisicho na jina, ukakitupa pale pale kwenye nafasi, kikafanya kazi na kusahaulika.

"Na nikiweka kisichofanya chochote?" niliuliza. Nilikuwa naleta ubishi tu, maana sauti yake ilikuwa inaniumiza kichwa.

"Weka."

Nikaandika kifanyakazi kitupu. Kinapokea mstari, hakiugusi, kinasema nimemaliza. Kompyuta ikasoma ripoti yote, ikakiita kila mahali, ikafika chini bila kulalamika.

"Umeona?" mwalimu alisema. "Imeridhika. Ilitaka mtu wa kuitika, imepata wa kuitika. Sasa jifunze pia adabu yake. Ukishamweka mtu wako ndani, wewe kaa pembeni. Usiipigie programu. Yenyewe itampigia wakati wake ukifika."

Alipokwenda kunywa chai nilibaki nikitazama kioo cha kompyuta. Nilikuwa na hakika nimeuona mlango. Mila ya Macalder ilikuwa imepunguza masharti yake mpaka likabaki moja. Ilikuwa haiulizi tena jina, wala ukoo, wala kama mtu huyo ni ndugu wa marehemu. Kama yule wa ng'ambo, asiye na jina, alitosha kwenye nafasi ile, basi nafasi yenyewe haikuwa ikimtaka mtu fulani. Ilitaka kitu cha kiume kiingie nyumbani, kilale, kitoke asubuhi. Nikajiuliza ni kitu gani cha kiume kinachoweza kulala nyumbani kwa mjane bila kumgusa.

Nakumbuka nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Dada yangu alikuwa amefungiwa uani kwa watu, nami nilikuwa nikitabasamu mbele ya kompyuta kama mwanafunzi aliyepata hesabu kabla ya wenzake.

Koti nililinunua sokoni Homa Bay, kwenye marobota ya mitumba. Lilikuwa koti zito la rangi ya kahawia, la nchi za baridi, lenye mabega mapana. Muuzaji, Msomali mmoja mpole, aliniuliza mzee wangu ana mwili gani. Nikasema ni la mtu wa makamo. Akaniambia, "Atalala nalo, mama, hili." Nikaondoka kabla sijacheka.

Nilimpitia shangazi yangu Rongo ili anisindikize. Ni dada ya baba, tunayemwita waya, mwanamke aliyezika waume wawili na kusema wazi kwamba wa pili alistahili. Nilimweleza mpango wangu njiani. Nikamwonyesha pia kifurushi cha mipira ya kiume kutoka zahanati, nilichokifunga kwenye gazeti, endapo mambo yangeharibika.

Waya alilifungua gazeti, akatazama, akalikunja tena. "Hili nalo ni koti," alisema.

"Waya, tafadhali."

"Nakwambia ukweli, msomi. Yule wa ng'ambo akilivaa hili, mama mkwe atasema hajaingia, amesimama mlangoni. Wewe unafikiri wazee ni wajinga?"

"Nafikiri wanataka kupanda."

Waya alifikiri kidogo. "Hapo," alisema, "umesema kitu."

Tulipofika Macalder, kwa kweli ni yeye aliyezungumza na wazee. Mimi niliketi na wanawake, kwa heshima, nikimenya viazi ovyo. Nilimsikia waya akisema kwamba koti ni mwanamume, kwamba mtu hutuma fimbo yake kortini nayo ikahesabiwa kuwa amefika, kwamba hata askofu husalimiwa kofia yake ikiwa juu ya kiti. Nadhani kisa cha askofu alikitunga hapo hapo. Wazee waliuliza tu kama ni koti la mwanamume. Waya akasema linyanyueni mwone mabega. Wakalinyanyua. Mzee mmoja akasema mvua iko karibu. Ikakubaliwa kwamba koti lilale kwanza, halafu watasema.

Dada yangu alilipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mgeni. Alilinusa, akanitazama, akaanza kucheka, na kicheko chake kikageuka kikohozi alichokizuia kwa kiganja.

"Shemeji yako ni mrefu," aliniambia.

"Na hana maneno."

"Huyu nitampikia." Kisha akaacha mzaha. "Wakikataa je?"

Nilikuwa nimelifikiria na hilo. Sasa naona nilifikiria kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Nikampa karatasi yenye namba ya simu ya ofisi. "Wakilikubali, utakuwa huru kutoka bomani. Nenda Migori mjini, kwenye vibanda vya simu vya posta, unipigie. Wakikataa hutaweza kufika Migori, kwa hiyo nikikaa bila simu nitajua. Huna haja ya kunieleza. Nikisikia sauti yako tu, nitakuwa nimejua."

"Yaani nisikupe habari, nikupe sauti."

"Sauti inatosha."

Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye sidiria. Nilimwachia na kifurushi cha gazeti. Alilitundika koti kwenye msumari ambapo zamani palining'inia kofia ya mumewe, na nilipotoka niligeuka nikaliona kupitia mlangoni. Kweli lilifanana na mtu aliyenipa kisogo.

Homa Bay nilikaa pembeni, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nafika ofisini kabla ya mwenye duka la mbao na kuondoka baada yake. Simu ililia mara nyingi, na kila mara alikuwa mtu wa Nairobi akiuliza ripoti.

Ripoti ndizo zilizoniumbua. Mwalimu aliporudi, programu yangu ilikuwa ikianguka kila inapofika kwenye hesabu ya mwisho, mahali nilipokuwa nimepaandika vizuri na kwa fahari. Nilipatazama siku nzima bila kuona kosa. Yeye alinyoosha kidole juu kabisa, mistari mingi nyuma, kwenye kile kifanyakazi kitupu nilichokuwa nimekisahau ndani.

"Huyu hapa ndiye anayekuua."

"Lakini ilimkubali. Wewe mwenyewe ulisema imeridhika."

"Iliridhika kwamba ameitika. Sikusema imeridhika na alichorudisha." Safari hii alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida, labda alikuwa amechoka. "Lugha hizi ndivyo zilivyo, dada. Mlangoni hazikagui. Mtu anaingia mikono mitupu, mnakaa naye, mnakula naye. Siku hesabu inapotaka alicholeta, hakipo. Na kelele haipigwi mlangoni alipoingilia. Inapigwa kule mbele, kwa mwingine kabisa."

Jioni hiyo hiyo waya alifika ofisini akiwa na viatu mkononi. Hajawahi kuniambia habari mbaya akiwa ameketi, kwa hiyo aliposimama katikati ya chumba nilijua.

Koti lilikuwa limelala, alisema. Asubuhi wazee walikuwa tayari kutamka, na dada yangu alikuwa amekwisha kunoa jembe. Ndipo shemeji mmoja, yule aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji, akaingia kulitazama koti kwa karibu. Alilinusa. Harufu ya dawa ya marobota kila mtu anaijua. Inaingia kwenye nguo na haitoki hata ukifua kwa majivu. Akauliza, koti hili ni la nani? Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Wazee walikuwa wameuliza kama ni la mwanamume, hawakuuliza ni la mwanamume gani.

"Na kule kwetu," waya alisema, "mitumba ni nguo za nani?"

Nilijua. Toka utotoni tulijua, au tuliamini, kwamba Mzungu hatupi koti zima akiwa hai. Zile ni nguo za waliokufa.

"Mama mkwe alipiga yowe mpaka majirani wakaja na mikuki. Nyar Rongo amerithiwa na maiti! Nyar Rongo amelaza Mzungu mfu nyumbani kwa mwanangu!" Waya aliigiza vizuri mno, akaona uso wangu, akaacha. "Baadhi yao walicheka, mwanangu. Hilo nalo ni baya. Wakicheka wanakuwa na haya, wakiwa na haya wanakuwa wakali."

"Na dada?"

"Ameketi. Haongei. Mtoto wa shemeji mdogo ana homa, na wameanza kumtazama yeye, kana kwamba ndiye aliyeileta."

Nilimwuliza kama tungeweza kutafuta koti jingine, la mtu hai, la ukoo ule. Hata nilipokuwa nikiuliza nilisikia ujinga wangu. Nilikuwa nikirekebisha mstari mmoja wa programu. Waya alivaa viatu vyake. "Umewafundisha kuuliza," alisema. "Sasa wataliuliza kila koti."

Alipoondoka nilitaka kumfuata, nipande gari la Migori usiku ule. Nilikaa. Nilijiambia nangoja simu. Siku zilizofuata mvua ilianza kunyesha Homa Bay, mvua nzito ya kupanda, na kila iliponyesha nilijiuliza kama imefika Macalder, na kama imefika, ni nani anayeitazama akiwa ameshika jembe.

Simu ililia asubuhi, nikiwa naondoa kitambaa kwenye kompyuta. Nilisikia kwanza sarafu zikianguka, kisha kelele za stendi, honi, mtu akiita abiria wa Kisii. Halafu sauti yake.

"Ni mimi."

Alikuwa Migori. Alikuwa ametoka. Nilianza kulia kwa furaha nikimwambia Mungu mkubwa, Mungu mkubwa, wamelikubali, niliwaambia mimi, na nadhani nilimwambia pia kitu kuhusu mwalimu wa Kisumu. Aliniacha nimalize. Nyuma yake stendi nzima iliendelea na mambo yake.

"Tumepanda," alisema. "Jana. Mimi kwanza, halafu wao. Mtoto amepata nafuu."

"Dada."

"Hakuna aliyenishika mikono. Yule wa ng'ambo nilimwita mwenyewe. Walikuwa wanamtazama yule mtoto, halafu wananitazama."

"Na kile kifurushi? Cha kwenye gazeti?"

"Alisema hayo ni mambo ya mjini."

Sarafu moja ikaanguka. Nikauliza kitu ambacho hadi leo sijui kwa nini nilikiuliza.

"Na koti?"

"Asubuhi kulikuwa na mvua," alisema dada yangu. "Yule wa ng'ambo aliliona pale msumarini, akauliza ni la nani. Wakasema si la mtu. Ameondoka nalo."